Anayesema Hapana Hadharani: Mvunja Sheria au Mtetea Haki?

Kila mwanamichezo anapopiga goti wimbo wa taifa ukipigwa, au mwanaharakati anapopakiwa kwenye gari la polisi, mabishano yanayofuata huwa yaleyale. Mmoja atasema, "Yeye acheze mpira, siasa awaachie wenyewe." Mwingine atadai kwamba sheria ni sheria, asiyeitaka aende mahakamani. Wa tatu atakuwa ameshamwita shujaa hata kabla ya kujua alichokikataa. Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, watu walewale waliitwa wahuni kwenye kundi moja la WhatsApp na wazalendo kwenye kundi jingine, siku ileile.

Ubishi huu hauishi kwa sababu tunavitia kapu moja vitendo visivyo vya aina moja. Kuandamana, kususia, kukataa amri na kuvunja sheria kwa makusudi ni mambo manne, na kila moja lina hesabu yake. Ukiyachanganya utamhukumu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda, au utamsifu kwa ujasiri ambao hakuuonyesha. Katika makala haya nitayatenganisha kwa kufuata watu halisi, wa michezoni, wa falsafa na wa siasa, na kila tutakapofika nitauliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa: gharama ya msimamo huu ililipwa na nani?

Tuanze na maana

Maandamano ya amani ndiyo mepesi kuyaeleza, na ndiyo yanayopotoshwa zaidi. Pale ambapo katiba inayaruhusu, mwandamanaji havunji chochote. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko yake kwa mamlaka, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Anayetembea na bango lake hapo hajaasi. Anatumia haki iliyoandikwa.

Kususia ni kujiondoa: hununui, huendi, huchezi. Mara nyingi hakuna sheria inayovunjwa, maana hakuna sheria inayomlazimisha mtu kununua bidhaa ya kampuni fulani au kukimbia Olimpiki.

Kukataa kwa dhamiri ni pale amri inapokujia wewe, kwa jina lako. Askari anaambiwa afyatue, karani anaambiwa asaini, kijana anaitwa vitani, naye anasema hapana kwa sababu imani yake haimruhusu. Huenda hana hata mpango wa kubadilisha sheria ya nchi. Anachotaka ni mkono wake usitumike.

Uasi wa kiraia unakwenda mbele zaidi. Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, mwaka 1971, aliueleza kuwa ni tendo la hadharani, lisilo la vurugu, linalotoka kwenye dhamiri lakini lenye lengo la kisiasa, linalovunja sheria ili sheria au sera ya serikali ibadilike. Kila neno hapo lina kazi. Likifanyika kwa siri, silo. Likiumiza watu, silo. Likiwa la kujinufaisha, silo.

Chukua mfano wa sokoni. Wauzaji wawili wa nyanya hawajalipa ushuru. Mmoja ameingiza matenga yake alfajiri kupitia nyuma ya mabanda, kabla mkusanya ushuru hajafika. Mwingine amepanga mafungu yake palepale getini, na mkusanya ushuru alipomfikia akamwambia, "Leo silipi, kaka. Mwaka mzima tunatoa hela na choo hakuna, maji hakuna. Kama ni kunikamata nikamate, na huko nitasema hivihivi." Kwa kitabu cha sheria hawa wawili wana kosa moja. Lakini wa kwanza anataka ushuru ubaki palepale, wenzake waendelee kuulipa, yeye tu apone. Wa pili anataka jambo libadilike kwa wote, na yuko tayari kukamatwa mbele za watu. Ukiwaita wote wawili wakwepa ushuru hujasema uongo, ila hujaeleza kilichotokea pale sokoni.

Hatua moja ambayo Ali hakuipiga

Tarehe 28 Aprili 1967, katika kituo cha kuandikisha askari mjini Houston, Texas, vijana waliitwa kwa majina, kila mmoja apige hatua moja mbele. Hatua hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito wote: ukiipiga, umeshaingia jeshini. Likaitwa jina la Cassius Marcellus Clay. Bingwa wa dunia wa uzito wa juu, ambaye tangu 1964 alijulikana kwa jina la Muhammad Ali, alibaki amesimama palepale. Akachukuliwa pembeni, akaelezwa kwamba kukataa ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 10,000. Akarudishwa, akaitwa tena. Hakusogea. Akatakiwa aandike sababu, akaandika kwamba anadai kusamehewa wajibu huo kwa kuwa ni mhubiri wa dini ya Kiislamu.

Huko ndiko kukataa kwa dhamiri, bila kuongeza wala kupunguza. Hakukimbilia Canada kama walivyofanya vijana wengi wa wakati ule. Hakujitia ugonjwa. Joe Louis, bingwa aliyemtangulia, aliitumikia kambi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kupigana ngumi za maonyesho mbele ya askari, na wengi waliamini Ali naye angepewa kazi nyepesi ya namna hiyo, mbali kabisa na risasi za Vietnam. Njia ya kupona bila aibu ilikuwepo. Aliiacha.

Malipo yalianza siku ileile. Kamisheni ya michezo ya jimbo la New York ilisimamisha leseni yake, na chama cha ndondi cha WBA kikamvua ubingwa. Hapo hajahukumiwa na mtu. Juni 20 jopo la mahakama lilichukua dakika 21 kumkuta na hatia, na hakimu akampa adhabu ya juu kabisa: miaka 5 na dola 10,000. Aliachwa nje kwa dhamana akisubiri rufaa, lakini pasi yake ya kusafiria ilichukuliwa na majimbo yakakataa kumpa leseni. Hakupanda ulingoni hadi Oktoba 26, 1970, alipopigana na Jerry Quarry mjini Atlanta. Alikuwa na miaka 25 alipokataa, na 28 aliporudi. Kwa bondia aliyeishi kwa wepesi wa miguu, hiyo ndiyo miaka yenyewe. Katika muda huo alizunguka vyuo vikuu akitoa mihadhara, kwa sababu nyumba ilihitaji kula.

Hapa kuna jambo linaloelezwa vibaya karibu kila mahali. Watu husema Mahakama Kuu ya Marekani ilimwachia Ali kwa kuwa ilikubali kwamba vita vya Vietnam vilikuwa dhuluma. Haikusema hivyo. Sheria ilimtaka anayekataa jeshi athibitishe mambo matatu: kwamba anapinga vita vya kila aina, kwamba msimamo huo unatokana na mafunzo ya dini au imani, na kwamba anasema kweli. Bodi ya rufaa ya jeshi ilikuwa imelikataa ombi la Ali bila kueleza ni lipi kati ya hayo matatu lililomshinda. Kesi ilipofika juu, serikali yenyewe ilikiri kwamba mawili, la dini na la ukweli, hayakuwa na tatizo. Basi Juni 28, 1971 majaji wakasema, kura 8 kwa 0: haijulikani kama bodi ilimkatalia kwa sababu halali au kwa sababu ambayo serikali sasa inaikana, kwa hiyo hukumu haiwezi kusimama. Vietnam haikuguswa.

Nalisisitiza hili kwa sababu linatuonyesha sheria inavyokutana na dhamiri. Ni nadra hakimu kumwambia mtu, "Ulikuwa sahihi, taifa lilikosea." Mara nyingi atatafuta mlango ulio kwenye utaratibu: fomu haikujazwa, sababu haikutajwa. Na miezi mitatu tu kabla ya hapo, Machi 1971, mahakama ileile ilikuwa imeamua katika kesi nyingine kwamba anayepinga vita fulani tu, si vyote, halindwi na sheria hiyo. Maana yake, mtu anayesema "nyumbani kwetu nitapalinda, lakini siendi kuchoma kijiji cha watu wasionikosea" hakuwa na kinga yoyote. Mimi naiona hiyo kuwa sheria kavu mno, kwa sababu mtu wa aina hiyo ndiye aliyefikiri zaidi.

"Sheria ni sheria"

Hoja hii si ya kupuuzwa. Kila mtu akichagua sheria za kufuata, mnyonge ndiye wa kwanza kuumia. Swali hili lilimkabili Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, miaka 2,400 iliyopita, na majibu yake mawili yanaonekana kama yanapingana.

Mwaka 404 KK Athens ilikuwa chini ya watawala thelathini wakatili. Kwa maelezo ya mwanafunzi wake Plato, Sokrate na wengine wanne waliitwa na kuamriwa waende kisiwa cha Salamis wakamkamate mtu aitwaye Leon, auawe. Wanne walikwenda wakamleta. Sokrate alitoka pale akarudi nyumbani kwake. Hakuhutubia, hakukusanya watu. Alikwenda nyumbani tu. Alisema mwenyewe baadaye kwamba huenda angeuawa kwa hilo, kama utawala ule usingeanguka upesi.

Miaka mitano baadaye, 399 KK, alihukumiwa kifo na mahakama halali ya mji wake kwa madai ya kuikosea miungu na kuwapotosha vijana. Rafiki yake Crito alimfuata gerezani alfajiri, mipango ya kumtorosha ikiwa tayari. Safari hii Sokrate alikataa kutoroka, akanywa sumu.

Kwa nini aikatae amri ya kwanza na kuikubali hukumu ya pili, ilhali zote mbili zilikuwa za dhuluma? Wanafalsafa wamebishana kwa karne nyingi, na mimi nasimama na wanaosema hivi: Sokrate alitenganisha kutenda dhuluma na kutendewa dhuluma. Kumkamata Leon kungekuwa dhuluma ya mikono yake, na hiyo hakuikubali kwa amri ya yeyote. Kuuawa bila haki ilikuwa dhuluma ya wengine juu yake, na kuikwepa kwa kutoroka usiku kungeharibu sheria za mji alioishi kwa hiari yake miaka 70. Unaweza kumlaumu kwamba alizidisha utii. Huwezi kumwita mwoga wala mhuni.

Wazo hilo, la kukataa amri na bado kutoikimbia adhabu, ndilo tunalolikuta baadaye kwa Gandhi, kiongozi wa harakati za uhuru wa India. Machi 1922, mjini Ahmedabad, alishtakiwa kwa uchochezi kutokana na makala alizoandika gazetini. Alikiri kosa, kisha akamwambia hakimu kwamba ana njia mbili: ajiuzulu kama anaona sheria ile ni mbovu, au ampe adhabu kali kuliko zote kama anaamini ni njema. Alipewa miaka 6. Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi wa Marekani, alilisema vilevile akiwa gerezani Birmingham, Alabama, mwaka 1963: anayeivunja sheria isiyo ya haki aivunje waziwazi, kwa upendo, na akubali kuadhibiwa.

Ila isidhaniwe kwamba lazima kila mtu achague jela. Mwaka 1958 Julius Nyerere alitiwa hatiani Dar es Salaam kwa kashfa dhidi ya maofisa wa kikoloni, kutokana na aliyoyaandika katika Sauti ya TANU. Alipewa kuchagua: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Alilipa faini. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa mlangoni na TANU ilimhitaji nje. Wapo ambao wangependa hadithi ya jela, lakini kukubali gharama hakumaanishi kutafuta gharama kubwa kuliko zote.

Mandela naye huingizwa mahali ambapo hakuwa wakati wote. Kampeni ya ukaidi iliyoanza Juni 26, 1952 ilikuwa uasi wa kiraia barabara: watu wa kujitolea waliingia kwenye milango iliyoandikwa ya Wazungu tu, wakasubiri kukamatwa, na zaidi ya 8,000 walikamatwa. Lakini kuanzia 1961 alishiriki kuunda Umkhonto we Sizwe, jeshi la chini kwa chini la ANC, na katika kesi ya Rivonia mwaka 1964 hakukana kwamba alipanga hujuma dhidi ya mali za serikali. Hilo ni mapambano ya silaha, na lina maswali yake: mtu aliyefungiwa milango yote ya amani ana haki ya kufika wapi? Kumfanya Mandela mtu wa maua matupu ni kumnyima uzito wa uamuzi alioufanya.

"Michezo na siasa havichanganyiki"

Mechi ya kimataifa huanza kwa wimbo wa taifa. Mshindi wa Olimpiki hupandishiwa bendera. Marais hushuka uwanjani kupiga picha na kombe. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilizuiwa Olimpiki kuanzia 1964 hadi ilipoalikwa tena 1992, na waliozuia ni wakuu wa michezo wenyewe. Siasa imo uwanjani tangu milango inapofunguliwa. Kinachogombaniwa ni kama anayekimbia naye ana ruhusa ya kusema.

Oktoba 16, 1968, Mexico City, Tommie Smith wa Marekani alishinda mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia. Peter Norman wa Australia alikuwa wa pili kwa 20.06, John Carlos wa Marekani wa tatu kwa 20.10. Wamarekani wawili walipanda jukwaani bila viatu, wamevaa soksi nyeusi, ishara ya umaskini wa watu weusi nchini mwao. Ukiitazama vizuri picha ile maarufu utaona Smith ameinua ngumi ya kulia yenye glavu nyeusi na Carlos ya kushoto. Carlos alikuwa amesahau glavu zake, na Norman ndiye aliyewapa wazo la kugawana jozi moja. Norman mwenyewe, Mzungu, alibandika kifuani beji ya mradi wa haki za binadamu waliokuwa nayo wenzake.

Mambo mawili husimuliwa vibaya hapa. La kwanza, kwamba walinyang'anywa medali. Hawakunyang'anywa. Walisimamishwa timu na kuondolewa kijiji cha wanamichezo, kwa shinikizo la rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Avery Brundage, yuleyule aliyeongoza kamati ya Olimpiki ya Marekani mwaka 1936 na kupigania timu yake iende Berlin ya Hitler. La pili, kwamba walivunja sheria. Ipi? Hakuna sheria ya Mexico wala ya Marekani waliyoivunja. Waliudhi utaratibu wa taasisi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyepiga goti mwaka 2016 kupinga ukatili wa polisi dhidi ya watu weusi. Hakushtakiwa popote. Baada ya msimu ule hakuna timu iliyomsajili tena.

Adhabu ya namna hii, isiyopitia mahakamani, naiona nzito kwa jinsi yake. Ali alikuwa na hukumu mkononi, kwa hiyo alikuwa na pa kukata rufaa. Asiyeajiriwa anakata rufaa wapi? Norman hakupelekwa Olimpiki ya Munich 1972. Kamati ya Olimpiki ya Australia imekana siku zote kwamba ilimwadhibu, ila mwaka 2012 bunge la nchi hiyo lilimwomba radhi, miaka 6 baada ya kufariki. Smith na Carlos walisafiri kwenda kulibeba jeneza lake. Muda wake wa 20.06 ulibaki rekodi ya Australia hadi Desemba 2024.

Nchi inaposusia, nani analipa?

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, na ndipo swali la gharama linapokuwa gumu.

Mwaka 1976, wiki chache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe Olimpiki ya Montreal. Ombi hilo lilipokataliwa, zaidi ya nchi 20 zilijiondoa, Tanzania na Kenya zikiwemo. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3:32.2, aliyoiweka Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza tangu mlio wa bastola, mbele ya John Walker wa New Zealand. Dunia ilisubiri warudiane Montreal. Walker alichukua dhahabu bila Bayi kuwapo, tena kwa dakika 3:39.17.

Naamini msimamo wa 1976 ulikuwa wa haki. Kutengwa michezoni kuliwauma watawala wa Afrika Kusini kuliko hotuba nyingi. Lakini tusiseme Bayi alikataa. Serikali ilikataa, yeye akalipa. Kenya ilisusia tena Moscow 1980, na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Kukataa kwa dhamiri ni uamuzi wa mwenye mwili. Kususia kwa taifa mara nyingi ni uamuzi wa mtu aliye ofisini kuhusu mwili wa mwingine. Unaweza kuwa sahihi, ila sifa zigawanywe inavyostahili, na deni kwa wanariadha hao likumbukwe.

Februari 1980 mambo haya yote yalikutana Dar es Salaam. Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali barani Afrika kuzishawishi serikali zisusie Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimuuliza Ali kwa nini Waafrika waisaidie Marekani kususia, wakati Marekani haikuwaunga mkono mwaka 1976. Ali alikiri kwamba hakuna aliyemweleza habari hiyo. Mtu aliyepata heshima ya dunia kwa "hapana" yake mwenyewe alikuwa amebebeshwa "hapana" ya serikali yake, na wenyeji waliiona tofauti mara moja. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi akapata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha katika mita 5,000. Hadi Olimpiki ya Paris 2024, hizo ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania.

Mtu mmoja, na walio nyuma yake

Tunapenda kusimulia kwamba siku moja mtu alichoka, akasimama, historia ikageuka. Rosa Parks, kwa mfano, husimuliwa kama mama aliyechoka na kazi akakataa kupisha kiti kwenye basi, Desemba 1, 1955. Ukweli ni kwamba alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi wa Marekani, mjini Montgomery kwa miaka mingi, na miezi tisa kabla yake msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa kwa kosa hilohilo. Mabasi yaligomewa kwa siku 381. Waliotembea kwa miguu siku zote hizo ni maelfu.

Wangari Maathai naye, mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi, alianza na barua. Aliandika ofisi baada ya ofisi. Alikwenda mahakamani, kesi ikatupwa. Bungeni alikejeliwa kama mwanamke asiyejua kuheshimu wanaume. Hakuvunja sheria yoyote, na mradi ulikufa wafadhili walipoukimbia. Mwishoni mwa Februari 1992 alikaa katika bustani ileile na akina mama waliokuwa wamefunga kula, wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama wale wazee walivua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila askari pale aliielewa. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu. Akina mama walihamia kanisa kuu la All Saints, wakaendelea hapo kwa miezi, na mapema 1993 wengi wa wana wao wakatoka. Wangari ndiye tuliyempa jina na Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004 inastahili kabisa, lakini walioanza kukesha kwa ajili ya watoto wao ni akina mama wa vijijini, ambao majina yao watu wachache wanayajua.

Limebaki dai moja, ambalo hutumika kumzima kila anayesimama: "Mbona naye ana makosa yake?" Anayo. Gandhi, katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini, aliandika maneno ya dharau kuhusu Waafrika, na ndiyo sababu sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana Desemba 2018. Kukumbushwa hilo ni haki ya Waafrika, na hakuifanyi kodi ya chumvi ya Waingereza, aliyoipinga kwa maandamano ya miguu mwaka 1930, kuwa ya haki. Ali alimwita bondia mwenzake Joe Frazier sokwe mbele ya kamera, Frazier yuleyule aliyemtetea arudishiwe leseni na kumsaidia kwa fedha alipokuwa hana kitu. Yalikuwa maneno ya kibaguzi kutoka kwa mtu mweusi kwenda kwa mtu mweusi, na yalimuumiza Frazier kwa miongo. Ali aliomba radhi mwaka 2001 kupitia gazeti la New York Times. Frazier alisema gazeti ndilo lililoombwa radhi, yeye bado. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na Ali alikuwa na haki Houston.